Nipe Moja, Ami

Mtaani kwetu kuna watu wawili tu wanaozijua vyema zile picha za kutisha zilizo kwenye pakiti ya sigara: mimi na Ami mwenye duka. Na ni sisi wawili tusiovuta.

Ami anazijua kwa sababu ndiye anayepasua pakiti kila asubuhi. Mimi nazijua kwa sababu pakiti tupu hupeperushwa na upepo mpaka kizingitini kwangu, na ufagio ni wangu. Wavutaji wenyewe, waliokusudiwa watishike, hawazioni, maana wao hununua moja. Hiyo moja hupita kwenye wavu wa chuma ikiwa uchi: haina picha ya mgonjwa, haina onyo la Kiingereza wala la Kiswahili. Hutoka katikati ya vidole viwili vya Ami ikifuatana na peremende ya kuondoa harufu, ili mke asijue. (Mke anajua.)

Yaniuma, kwa sababu picha zile hazikuja bure. Kanuni zinazozilazimisha zilitolewa mwaka 2014. Kampuni kubwa ya sigara, BAT Kenya, ikazipinga Mahakama Kuu, ikashindwa kwa sehemu kubwa. Ikaenda Mahakama ya Rufaa, ikashindwa. Ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na huko nako, Novemba 2019, ikashindwa. Miaka yote hiyo mawakili walivaa suti, majaji wakakesha na majalada, ili mwisho wa yote picha zile zimwangalie Ami, ambaye kilevi chake kikubwa ni kahawa tungu.

Sheria mama ni kongwe kuliko hizo kanuni. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imekataza kuuza sigara moja moja. Pakiti isipungue sigara kumi. Imekataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Imemtaka muuzaji abandike bango la kusema hivyo. Imekataza kuvuta hadharani, kwa faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Nimeisoma. Nilikuwa karani wa leseni katika manispaa ya zamani, kabla ugatuzi haujatukuta mwaka 2013, na karani mstaafu hana starehe ila kusoma sheria ambazo hakuna anayemuuliza habari zake. Mtaani huniita Mzee Karani, wengine kwa heshima.

Kaunti yangu sitaitaja. Ni mojawapo ya sita za pwani, na mimi bado nasubiri kibali cha kujenga ukuta wa uani.

Sasa nieleze dhiki yangu. Duka la Ami liko ubavuni mwa nyumba yangu. Baraza ni yangu, wavu ni wake. Kwenye wavu huo Ami amefunga kiberiti cha gesi kwa mshipi wa kuvulia samaki. Amekifunga kwa sababu visivyofungwa huondoka na wateja. Mshipi wenyewe haufiki hata dhiraa moja. Kwa hiyo mtu hawezi kununua akaenda kuwashia kwake. Yampasa ainame pale pale, aweke shavu kwenye chuma kana kwamba anataka kumbusu Ami, ndipo awashe. Akishawasha, kuondoka ni uvivu. Atakaa. Akikaa, atatokea mwenziwe, na mwenziwe naye ana mwenziwe. Dirisha la chumba changu cha kulala liko juu ya vichwa vyao. Ndiyo kusema kiberiti cha shilingi chache kimenianzishia eneo la wavutaji ambalo halikutangazwa katika gazeti lolote la serikali, nami ndiye mlinzi wake wa usiku bila mshahara. Moshi huingia na maneno yake. Nimeijua mishahara ya wachezaji wa Arsenal bila kuitaka, na aliyeiba kamba ya mashua ya nani, na kwa nini ndoa ya fulani haifiki Mfunguo Tatu.

Nilipomlalamikia Ami hakukasirika. Ami hakasiriki, hasira hupunguza mauzo.

"Mzee Karani," akaniambia, "nitajie kitu kimoja humu dukani nisichokiuza kidogo kidogo."

Nikaangalia ndani ya wavu. Mafuta ya kupikia ya kupima kwa kikombe. Sukari ya karatasi. Sabuni ya mche iliyokatwa kwa uzi. Nepi moja. Panadol mbili. Koili ya mbu iliyobanduliwa kutoka kwa pacha wake, pacha amebaki peke yake kwenye rafu. Wakenya wenzangu wameuita uchumi wa kadogo, na ndio uchumi pekee ambao mimi na majirani zangu tumewahi kuuona kwa macho. Ule mwingine twausikia kwenye taarifa ya habari.

"Mtu hulipwa kwa siku," akaendelea Ami, "wewe wataka anunue sigara za wiki? Huo si ndio utamfanya avute zaidi?"

Ana hoja, na ananiudhi zaidi kwa kuwa nayo. Ila hesabu yangu mimi ni nyingine. Ushuru uliowekwa mwishoni mwa mwaka 2024 ni shilingi 4,100 kwa kila sigara elfu moja, zenye kichungi na zisizo na kichungi sawasawa. Ni shilingi 4 na senti 10 kwa sigara moja. Pakiti ya 20 ni shilingi 82 kabla hujagusa kodi ya ongezeko la thamani. Hazina huongeza ushuru huo ikitangaza kwamba mfuko wa mvutaji utauma na mvutaji ataacha. Mfuko unaouma ni wa mnunuzi wa pakiti, naye mtaani kwetu hajawahi kuonekana. Ushuru ukipanda kwa senti, Ami hupandisha kwa sarafu nzima, maana senti tulizizika zamani. Mteja huguna, hutaja jina la waziri, hutoa sarafu, huinama, huwasha. Asipokuwa nayo, wawili huchanga wakavuta moja kwa zamu, na wa mwisho huunguza mdomo.

Halafu kuna stempu. Kila pakiti ina stempu ya ushuru, na mamlaka ya kodi imetupa hata programu ya simu, Soma Label, ili mwananchi aichunguze mwenyewe kama ni halali. Nilifurahi sana nilipoisikia. Nikaiweka kwenye simu. Sasa nenda ukaitumie kwa sigara moja iliyokwisha kutoka pakitini! Utaielekeza kamera mpaka betri ife, haitakuambia kama imezaliwa kiwandani Nairobi au imevuka mpaka usiku ndani ya gunia la mahindi.

Mwenye kunichoma zaidi ni mtoto wa nyumba ya tatu. Huja jioni akitoka chuoni na kanzu yake nyeupe, sarafu ameifumbata mpaka imeloa jasho. Hupanda juu ya jiwe ili uso ufike kwenye wavu. "Ami, baba asema umpe moja, na Panadol mbili, na chenji asema usinipe pipi." Ami humpa. Mtoto huishika sigara kwa ncha za vidole, mkono ameunyoosha mbele, isije ikaichafua kanzu, akaenda nayo hivyo njia nzima mpaka mlangoni kwao. Wazee twampisha.

"Na miaka kumi na minane je?" nilimuuliza Ami siku moja.

"Simuuzii yeye. Namuuzia babake. Babake hukumbuki alivyozaliwa? Mwaka wa ile mvua kubwa."

Kwa sheria ya Ami, mtoto ni njia ya uchukuzi tu, kama angekuwa bodaboda tungemkagua helmeti.

Kwa haki niseme kwamba bango la miaka 18 lipo. Sheria imelitaka na Ami ni mtu wa sheria. Lakini amelibandika ndani ya duka, kwenye ukuta wa kushoto, pembeni ya kalenda na Ayatul Kursiyu, mahali ambapo mtu hulisoma akiwa amekwisha kuingia. Na dukani kwa Ami hakuna anayeingia ila afisa wa kaunti. Wateja wote, wakubwa kwa wadogo, husimama nje ya wavu, ambako kinachoonekana ni shehena ya vitunguu na uso wa Ami. Yaani tangazo la kuwakataza watoto linasomwa na maafisa peke yao, ambao nijuavyo mimi wote wamepita umri.

Huo ukuta wa kushoto nauonea fahari, na ni fahari ya kitaaluma. Kuna kibali cha biashara cha mwaka huu kwenye fremu ya kioo, kizuri kuliko picha ya harusi ya Ami. Kuna cheti cha zimamoto. Kuna cheti cha kupimwa afya. Mizani iko mezani na muhuri wake wa vipimo. Mtungi mwekundu wa kuzimia moto umening'inia ndani, moto wenyewe ukiwa nje kwenye mshipi. Siku zetu za manispaa ukuta kama huo ungempatia mtu kikombe cha chai kutoka kwa mhasibu.

Pwani tuna misimu mitatu: kaskazi, kusi na kanjo. Huu wa tatu huanza mwaka mpya, vibali vinapokwisha, na dalili yake ni kufungwa kwa vibanda vya upande wa pili wa barabara kabla gari halijakata kona. Jina ni la zamani, la lile baraza la mji. Siku hizi ni askari wa kaunti na wana sare mpya, lakini mtaa haujapokea taarifa. Kundi la mwaka huu lilimkagua Ami mbele ya macho yangu. Kibali? Kipo. Zimamoto? Ipo. Maandishi ya ukutani yamelipiwa ada? Yamelipiwa. Wakapima hata upana wa kibao cha jina la duka kwa futi ya chuma, mmoja ameshika huku, mmoja kule, na ile pakiti iliyopasuliwa iko mezani kati yao, sigara zimechomoza, kiberiti kinawapiga mabegani kwa upepo. Futi ikapita juu yake, ikarudi. Hakuna aliyeiona. Na sidhani walijifanya. Nimekaa na watu wa leseni maisha yangu yote, nalijua jicho lao. Jicho la leseni limefundishwa karatasi. Kitu kisicho na karatasi hakina rangi.

Walipomaliza, mkubwa wao alifuta jasho, akaweka saini, akasema, "Haya Ami, nipe moja." Akalipa, hilo nalishuhudia. Akainama akawasha. Kisha akakumbuka kwamba pale ni hadharani na yeye ni serikali, akarudi nyuma hatua mbili, akaegemea gari la kaunti akavutia hapo, kwa raha mustarehe.

Mtu ataniambia: Mzee Karani, usiwaonee vijana, hiyo si kazi yao. Basi ni ya nani? Nilitafuta. Nikafungua Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, palipoorodheshwa kazi za kaunti. Huduma za afya ni za kaunti. Masoko na leseni za biashara ni za kaunti. Uchafuzi wa hewa, ambao kwangu ni moshi wa dirishani, ni wa kaunti. Udhibiti wa dawa za kulevya na picha za uchi ni wa kaunti. Leseni za pombe zimetajwa wazi. Na leseni za mbwa, bwana, mbwa! Waliokaa kuandika Katiba ya nchi walimkumbuka mbwa kwa jina, kwamba kaunti imwandikie leseni. Paka hakutajwa. Sigara haikutajwa. Kwa hiyo bia ina leseni yake na masharti yake, mbwa ana leseni yake, lakini sigara inauzwa kwa kibali kile kile cha jumla cha duka, ikiwa imejibanza kati ya sabuni na kiberiti.

Wala usinidanganye kwamba kaunti hazina nguvu, au kwamba mtu wa duka dogo haongozeki. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta waliposema muguka, lile jani la kutafuna, ni marufuku, malori yalizuiwa njiani, viongozi wakaongea kila saa, Rais mwenyewe akaingilia, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Embu, ambako marufuku hiyo ikasimamishwa. Kwa siku kadhaa pwani nzima ilikuwa na serikali. Nami nikakaa barazani nikiangalia. Mla muguka hali muguka mtupu. Ana njugu, ana maji, ana Big G, na ana sigara, moja baada ya moja, kwa kuwa wao husema viwili hivyo havitengani. Lile jani lilipoadimika wateja wa Ami walipunguza njugu. Sigara haikupungua hata siku moja, na hakuna gavana aliyeisemea neno.

Mfuko wa plastiki je? Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ilianza, faini shilingi milioni 2 mpaka 4, au jela. Ami, huyu huyu, aliikusanya mifuko yake yote kabla ya siku yenyewe, akaifunga ndani ya gunia, akalipeleka gunia nisikokujua, akaanza kufunga sukari kwa karatasi kama babake alivyokuwa akifunga. Kuna wateja walimtukana. Hakujali. Mpaka leo ukimwomba mfuko wa zamani atakuangalia kama umemwomba bunduki. Ni mtu anayesikia, Ami. Anasikia kule kunakosemwa kwa sauti.

Basi nikavaa koti, nikaenda makao ya kaunti kulalamika.

Idara ya biashara walinipokea vizuri, kwa sababu walidhani nimekuja kulipa. Walipojua sikuja kulipa, wakaniambia sigara ni bidhaa, na bidhaa wao hawaitazami moja moja, wanatazama duka. Idara ya mazingira wakaniuliza moshi ni wa kiwanda au wa taka. Nikasema ni wa vinywa. Wakasema vinywa ni afya. Kijana wa mlango wa tatu alinipa fomu ya malalamiko, ambayo mstari wake wa kwanza unataka nambari ya kibali cha biashara cha mlalamishi.

Idara ya afya ndiko nilikokuta mtu. Binti mmoja, afisa wa afya ya umma, umri wa mjukuu wangu, aliinuka akaniamkia shikamoo na kunipa kiti chake, yeye akakaa juu ya boksi la chandarua. Sheria anaijua kuliko mimi. Akanitajia vifungu kwa kichwa. Akaniambia kwa upole kwamba maafisa ni wachache, kwamba wadi aliyopewa ina maduka asiyoweza kuyamaliza kwa mwaka mzima akitembea kila siku, kwamba hao hao wachache ndio wanaokagua nyama, hoteli, vyoo vya shule, visima na mlipuko wa kipindupindu ukitokea, na kwamba gari ni moja na siku hiyo lilikuwa kwenye chanjo. Sikuwa na la kumjibu. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu wa serikali anayetaka kuikamata sigara, naye hana mafuta ya gari.

"Lakini baba," akasema, "nikipata kielelezo naweza kumpeleka mwenye duka mahakamani. Hakimu ataniuliza tu, hiyo sigara moja iliyouzwa iko wapi?"

"Iko mapafuni mwa watu."

"Ndiyo hapo. Wewe ukinunua moja, kisha ukawa tayari kusimama shahidi..."

"Nikinunua si nitakuwa nimevunja sheria?"

"Anayevunja ni muuzaji, baba. Wewe niletee tu. Usiiwashe."

Nilirudi nyumbani nikiwa na ari ambayo sikuwa nayo tangu ukaguzi wa mwisho wa vitabu vya manispaa. Nikatia sarafu mfukoni, nikatoka, nikapita katikati ya mabarobaro wa barazani, nikasimama mbele ya wavu nikasema, kwa sauti niliyoizoea kuisikia kwa wengine:

"Nipe moja, Ami."

Mazungumzo ya Arsenal yakakatika. Ami alinitazama. Akaitazama ile sarafu. Akautazama mfuko wa koti langu, ambamo kilikuwa kimechomoza kijitabu cha sheria.

"Mzee Karani," akasema, "wewe ni mtu wa vitabu. Wewe siwezi kukuuzia moja." Akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akateremsha pakiti mpya, stempu na kila kitu, akaiweka mezani taratibu. "Kwa wewe, nzima. Kama ilivyoandikwa."

"Nataka moja."

"Sheria hairuhusu, mzee wangu. Wanifungisha?"

Watu walikuwa wanatazama. Mmoja alikwisha kutoa simu. Kurudi mikono mitupu ingekuwa hadithi ya kuchekwa mpaka Idi, kwa hiyo nilinunua pakiti, kwa bei ambayo mwenye nyumba yangu ya kwanza angeiona kodi ya mwezi. Nikaenda kukaa upande wangu wa baraza nayo mkononi. Sigara ishirini. Kielelezo kisichothibitisha kitu, maana pakiti nzima ni halali tupu, na Ami hapokei kilichouzwa.

"Mzee umeanza lini?" akaniuliza mmoja wa vijana, kwa huruma.

"Sivuti."

"Ndivyo wanavyosema wote mwanzo." Akasogea. Kwa Ami kulikuwa na watu, mtoto wa nyumba ya tatu amepanda jiwe lake anasubiri zamu. Kijana akatoa sarafu. "Basi nigeie moja hiyo yako, mzee, nisisimame foleni."

Nikamwambia siuzi. Akasema haina neno, akaiweka sarafu barazani kando ya goti langu, iwe amana, mpaka nitakapobadili nia. Mwenziwe naye akaweka yake. Nilikuwa nawaeleza kifungu cha sheria, pakiti nimeiinua juu ili waione picha vizuri, ndipo gari la kaunti lilipokata kona bila ya yeyote kutonya. Vibanda vya upande wa pili vilifungwa kwa kelele. Mkubwa wao akateremka, yule yule wa futi ya chuma. Akaangalia pakiti. Akaangalia sarafu mbili. Akaangalia vijana waliozunguka.

"Mzee," akaniuliza, kwa adabu yote, "kibali cha biashara kiko wapi?"

Ameniandikia notisi ya siku saba. Kwenye aina ya biashara ametia alama "Mengineyo", na hiyo, mimi niliyekaa nyuma ya dirisha la leseni nakwambia, ada yake hukadiriwa na afisa mwenyewe.